Kaskazini ya Esta

Asubuhi ile sindano haikuelekea kaskazini. Ilining'inia kwa uzi ndani ya chupa ya jamu, imetulia, ncha yake ikielekea mlango wa chumba alimolala Esta.

Mwalimu Isakwisa aliizungusha chupa. Sindano ikarudi palepale. Mkewe, Tusekile, alicheka huku akipanga vikombe.

"Baba Esta, kaskazini yako imehamia kwa mtoto."

Ilikuwa Agosti 1972, Mbeya, baridi kali. Mwalimu alikuwa amemaliza kijitabu cha shule za msingi kuhusu sumaku ya dunia: jinsi dunia yenyewe ilivyo sumaku, na jinsi jua linavyorusha dhoruba zisizo na mvua wala upepo, dhoruba za kutikisa sindano na kukoromesha redio. Ndani ya kila kijitabu alitia sindano, ili watoto waitundike chupani na kuandika kila siku inakoelekea. Shule arobaini, sindano arobaini, zote, pamoja na hii ya nyumbani, amezisugua mwenyewe juu ya jiwe jeusi la sumaku. Jiwe hilo alilichukua likizoni huko Ludewa, kwenye mdomo wa tanuru la kale la wafua chuma. Vifurushi vilikwishaondoka na posta.

Wiki ile redio ilikoroma, naye akafurahi. Dhoruba, alisema, akaandika daftarini. Lakini Esta alipotoka kwenda kisimani, sindano iligeuka taratibu ikamfuata. Aliporudi, ikarudi naye.

Kisha ikaja harufu ya chuma cha moto, mchana kweupe, jikoni pasipo moto. Kisha sauti, vuu, haa, vuu, haa, kama mivukuto ya mhunzi, ikitoka ukutani, ikitoka chini ya sakafu, mpaka adhuhuri moja Tusekile alipomwinamia mtoto wake wa miaka saba, ambaye tangu asubuhi hakutaka kucheza wala kula, akamtegea sikio kifuani, akabaki ameinama hivyo, kwa maana sauti ilikuwa mle.

Hospitali walisema mapafu ni mazima. Ndipo akaitwa mzee Liberatus, mganga, ambaye babu zake walifua chuma hukohuko Ludewa. Hakuingia ndani. Aliomba aletewe jiwe mlangoni, akalinusa, akauliza kama Mwalimu alisalimu kabla ya kulichukua. Mwalimu akajibu kwamba hapakuwa na mtu wa kusalimiwa.

"Katika ukoo wetu tanuru ni mama," mzee alinong'ona. "Linapoachwa, kilichobaki tumboni mwake tunakiziba kwa jiwe. Sasa kiko nje, mwanangu, kinatafuta kifua cha kupumulia. Jiwe nitalirudisha. Na kila chuma kilichosuguliwa hapa kirudi nalo. Kimoja kikibaki, kitakionyesha njia ya kumfikia mtoto."

Mwalimu akaanza kuzitaja shule. Alitaja mpaka sauti ikamkauka. Mzee alimwacha amalize, akafunga jiwe na ile sindano ya chupani katika kitambaa, akaondoka bila kuaga.

Usiku huohuo barua arobaini ziliandikwa. Mwalimu aliomba sindano zirudishwe kwa anwani ya dada yake, Ipogolo, Iringa, kwa kuwa Jumanne, jua lilipochomoza, yeye na mkewe walimbeba Esta hadi kwenye basi, wakakimbia.

Ipogolo mtoto alipumua vizuri. Siku tatu, siku tano, siku nane. Aliomba uji. Alimcheka baba yake kwa kuchanganya viatu. Tusekile akaanza tena kuimba.

Siku ya kumi lilifika jibu la kwanza, kutoka Makongolosi, kwa mwalimu aitwaye Seni.

"Ndugu Mwalimu," Seni aliandika, "tunaomba utuachie sindano kidogo. Tangu tuitundike imeelekea kusini, upande wa Mbeya, nasi tukadhani tumekosea. Lakini Jumanne, tangu jua lilipochomoza, iligeuka polepole mchana kutwa, kama jicho linalofuata gari, na jioni ikatulia mashariki, upande wa Iringa. Haijatikisika tena. Watoto wameandika kila saa. Wanakushukuru sana, kwani wameiona dhoruba kwa macho yao. Wana swali moja tu ambalo sikulikuta kitabuni. Chupa imefungwa vizuri. Ni nani anayepumua ndani?"

Katika chumba cha pili, alimolala Esta, Tusekile aliacha kuimba.