Mdhamini wa Mgeni

Ngumi ya kwanza ilipigwa mbele ya dirisha la Cheruto. Ya pili ikavunja kioo.

Ilikuwa wiki ya kufungua chuo hapa Nakuru, na wanafunzi wa Idara ya Kilimo walijazana kwenye korido kusajili simu zao. Sheria za mtandao wa idara zilikuwa kali. Kifaa kisichosajiliwa hakiingii. Mgeni haingii bila mdhamini, na mgeni akiharibu, mdhamini anafungiwa pamoja naye. Cheruto, fundi wa mtandao, ndiye aliyezilinda, na sasa vijana wawili walikuwa wakiuana kwa sababu ya foleni.

Mwanamume mrefu mwenye sweta ya rangi ya damu ya mzee, matope ya shamba la kwao Dundori bado kwenye buti zake, aliwashika kola, akawagonganisha vichwa na kuwasukuma nje.

"Asante, boss," Cheruto alisema, akitoa vipande vya kioo kwenye nywele. "Una vifaa vingapi?"

"Simu moja, laptop moja. Na moyo."

"Moyo hatusajili hapa."

"Basi nipe namba yako, nipige kulalamika."

Aliitwa Njuguna, na alikuwa akimalizia shahada ya uzamili juu ya mnyauko wa viazi. Akapiga kweli, jioni hiyo na kila jioni.

"Switi, umekula?"

"Nimekula bila wewe. Sijashiba."

Jumapili walipanda mlima Menengai, Cheruto na gauni lake la manjano likipeperuka ukingoni mwa shimo la volkeno, Njuguna akimshika kiuno asichukuliwe na upepo.

Halafu mtandao ukaanza kufa kila asubuhi. Cheruto akafuatilia, akagundua kwamba kibali cha mgeni mmoja kilikuwa kikilisha mabweni mazima. Jina la mgeni lilikuwa la kubuni. La mdhamini lilikuwa Njuguna.

Hakuuliza. Alimfungia hapo hapo, bila kukumbuka kwamba saa hiyo Njuguna alikuwa mbele ya kompyuta, akiitetea tasnifu yake kwa mtahini aliye ng'ambo.

Njuguna aliingia akihema. Kabla hajafungua mdomo, kofi lilimpata.

"Mwizi! Ulinipendea password?"

"Cheruto, unanipiga bila kuniuliza?"

"Huyo mgeni ni nani?"

Njuguna alifuta damu mdomoni. "Niliapa kutosema," akajibu, akatoka.

Muda mfupi baadaye kelele zilisikika getini. Vijana wa mabweni, waliokatiwa mtandao, walikuwa wamemshika aliyewauzia. Cheruto alitambua ile sauti iliyolia. Ilikuwa ya Kiptum, mdogo wake, mtengenezaji wa simu pale getini.

Aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akakimbia. Mawe yalikuwa yakiruka. Kiptum alikuwa chini, na juu yake alilala Njuguna, amemfunika kwa mgongo wake. Mpini wa jembe ulishuka. Cheruto alisikia mfupa wa bega ukilia kama kuni kavu.

Akafyatua mtungi. Ukungu mweupe uliwajaa wale vijana nyusoni, wakakohoa, wakatawanyika. Mmoja aliyerudi na jiwe alipigwa na kitako cha mtungi, akakaa chini.

"Huyo mgeni ni mimi, dada," Kiptum alilia, meno yamejaa damu. "Nilimdanganya nataka kusoma kozi, nikamwapisha asikwambie. Alikubali kwa sababu mimi ni shemeji yake."

Hospitalini, Njuguna alikuwa amefungwa bendeji hadi kifuani. Cheruto aliketi kando, gauni la manjano lina madoa ya damu.

"Nimemweleza mkuu wa idara kosa langu," alisema. "Utaitetea tasnifu upya. Lakini sheria inasema aliyefungiwa harudi bila mdhamini. Nimejiandikisha mimi."

"Na nikikosea tena?"

"Tunafungiwa wote wawili."

"Udhamini wa mgeni huisha muhula ukiisha, switi. Mimi nataka usioisha. Twende Dundori, mama akuone."

"Na lile kofi, tutamwambiaje?"

"Mwambie mwenyewe. Atakupenda zaidi."

Cheruto alicheka huku akilia, akauweka mkono ule ule uliompiga ndani ya mkono wake mzima. "Twende," akasema. "Lakini safari hii nitauliza kwanza. Unanipenda?"