Mstari wa Tatu

Mtambo wa hali ya hewa wa Mugenzi ulinunuliwa na vihisi viwili tu, kimoja cha nje na kimoja cha chumbani kwa mtoto, kwa hiyo mstari wa tatu kwenye kioo chake ulipaswa kukaa mtupu maisha yake yote. Jumanne ile, kabla ya chai, uliandika nyuzi 41. Unyevu sifuri.

Mugenzi hakuogopa. Alifurahi, tena akamwita mkewe aje aone.

"Tumenasa kihisi cha jirani," alimwambia Générose. "Antena yangu imekuwa kali."

"Jirani gani iko na joto hiyo, Papa Kaze? Mwezi wa nne, na mvua yote hii?" Générose alikitazama kioo kwa muda, akakigeuzia ukutani, akaenda kupika uji.

Antena yenyewe aliitengeneza kwa ajili ya Kaze, binti yao wa miaka mitano. Kaze ana pumu, na chumba kikipoa tu kifua chake kinaanza kupiga miluzi. Kihisi kiliwekwa kwake ili wazazi wajue baridi inapoingia, lakini nyumba waliyopanga Gikondo, Kigali, ni ya zamani, kuta zake nene, na kila mvua ilipozidi kioo kiliacha kupokea. Yaani kilinyamaza saa ileile walipokihitaji. Mugenzi, ambaye hawezi kuona kitu kimefungwa bila kukifungua, alikifungua kihisi Jumamosi iliyotangulia na kukuta antena ya kiwaya kifupi kilichojikunja ndani. Akasema anahitaji shaba iliyonyooka, sentimita kumi na saba kwa kihisi na kumi na saba kwa kioo.

Hakwenda kuinunua. Alikumbuka kwamba darini, alikopanda siku moja kutafuta bati linalovuja, kulikuwa na chupa nyeusi iliyozibwa kwa nta, shingo yake imezungushiwa waya wa shaba mara saba. Mtu aliyekulia mtaa ule angeshuka taratibu na kwenda kumuuliza mwenye nyumba. Mugenzi alikulia Kampala, na kwake dari ya nyumba ya zamani ni mahali pa takataka za waliohama. Akaufungua waya, akasifu usafi wake, akaitupa chupa nyuma ya choo. Alipomaliza kulehemu, vijiti vinne vya mawimbi vilijaa kwenye kioo. Alikuwa na haki ya kujisifu, na alijisifu hadi Générose akachoka.

Jumatano mstari wa tatu ulikuwa na kijiti kimoja. Alhamisi asubuhi viwili, na sebuleni kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Générose alikagua jiko, akakagua pasi, akakagua hata kichwa cha mtoto.

"Hiyo kitu inakuja," alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye vijiti. "Ikiwa mbali inaandika kidogo. Sasa iko karibu. Itoe, sha."

"Kesho," Mugenzi alisema. Neno hilo atalijutia.

Alasiri mvua ilishuka, Gikondo nzima ikawa giza. Générose alikuwa kazini. Kaze alikuwa amelala chumbani kwake, na Mugenzi alikuwa mezani, kioo mbele yake, alipoona kijiti cha tatu kinaongezeka, kisha cha nne, na wakati huohuo akasikia juu ya bati, katikati ya kelele ya mvua, hatua za mtu anayetembea bila haraka, hatua kavu, kana kwamba pale anapokanyaga mvua hainyeshi, zikivuka sebule, zikivuka korido, zikasimama juu ya chumba cha mtoto. Akasubiri ziendelee. Hazikuendelea, ila mstari wa pili, mstari wa Kaze, ambao mchana kutwa ulikuwa nyuzi 21, ulianza kupanda mbele ya macho yake, 26, 33, 38, na alipofika kwenye mlango wa chumba hicho, kitasa kikamuunguza kiganja, na akakishika hivyohivyo kwa sababu upande wa pili alisikia miluzi ya kifua cha mwanawe ikipungua, si kwa kupona bali kwa kukosa hewa.

Kaze alikuwa ameketi kitandani, midomo ya bluu. Chumba kilinuka nywele za kuungua. Mugenzi alimpulizia dawa yake mara mbili, mara nne, mpaka hewa kidogo ikapita.

"Papa," Kaze alinong'ona, "iko mtu anakaa kwa kifua yangu. Anasema tuhame, ni kwake."

Mwenye nyumba, Mzee Usumani, ni fundi cherehani, na babu yake alikuja Kigali na biashara kutoka pwani. Mugenzi alimpigia simu, naye akafika amelowa mvua. Aliposikia habari ya chupa hakugomba, na hilo lilimtisha Mugenzi kuliko kugombwa.

"Babu alikuja na kitu hicho kutoka pwani bila kujua," alisema polepole. "Kilimuulia watoto wawili katika nyumba hii, ndipo akakifunga. Lete waya, kijana wangu. Wote. Na chupa."

Mugenzi akachomoa shaba kwenye kihisi na kwenye kioo, akaokota chupa matopeni. Mzee alisoma dua kwa kunong'ona, akafukiza ubani, akazungusha waya mara saba, akaziba kwa nta mpya. Mstari wa tatu ukafutika. Générose, aliyekuwa amerudi na kumkumbatia mtoto, alilia kwa sauti.

Mzee aliipima chupa mkononi. "Nyepesi," alisema. Lakini walikuwa wamechoka, na kioo kilikuwa kitupu, na hakuna aliyetaka kusikia zaidi. Hata Mugenzi, fundi wa mawimbi, hakutaka kujikumbusha kwamba kioo kisicho na antena hakisikii kitu kilicho mbali.

Siku tatu Kaze alipumua vizuri. Hakuna mluzi hata mmoja. Jumapili alitoka kucheza kwenye matope, akarudi amelowa, na bado kifua kilikuwa kimya. Générose alimshukuru Mungu kanisani na jikoni.

Jumatatu asubuhi Mugenzi alikuwa mezani peke yake na mtoto. Kaze alivuta kiti, akaketi karibu yake, akaanza uji. Mstari wa tatu ukawaka. Nyuzi 41, vijiti vinne.

Mugenzi aliinuka taratibu, akachukua simu, akatafuta jina la Mzee Usumani.

"Usimwite," Kaze alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha pwani, cha mtu mzima. Alikuwa bado anakoroga uji. "Pumzi ya mtoto iliisha ile siku ya mvua. Hii anayovuta ni yangu. Nikitolewa, natoka nayo."

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Papa Kaze," Générose aliita, "mtoto amevuta dawa yake?"

Mugenzi aliiweka simu kifudifudi mezani. "Haihitaji tena," alijibu, akatoa betri za kioo moja baada ya nyingine.