Koti la Ukapita Lilinifanya Nimwonee Wivu Shemeji Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tatu, na ninaishi peke yangu hapa Lushebere, karibu na Masisi. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Nisomeni hadi mwisho, ndipo mnihukumu.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la Mzungu mmoja, huko juu milimani. Sijisifu, lakini hakuna aliyenifikia! Ng'ombe wa mateke, waliowaangusha wenzangu pamoja na ndoo zao, kwangu walitulia. Mmoja, Bihogo, hakukubali mkono mwingine ila wangu.

Mke wangu Feresita aliniomba nimtafutie kazi mdogo wake, Kalisti. Kwao ni watu wa jembe. Kalisti alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini hata kufunga ndama hakujua. Nilimfundisha kila kitu. Nilimpenda kama tumetoka tumbo moja.

Kisha Mzungu akanifanya kapita, yaani msimamizi wa wakamuaji. Nikapewa koti na filimbi. Akasema kazi yangu sasa ni kuongoza, ndoo niwaachie wengine. Feresita alichinja kuku, tukaimba…

Kalisti akapewa Bihogo.

Asubuhi moja nilipita zizini, nikakuta povu la maziwa limefika ukingoni mwa ndoo ya Kalisti. Bihogo ametulia, anacheua! Wakamuaji wenzake wakanitania: "Papa kapita, Kalisti anakupita sasa!"

Nilicheka nao. Lakini moyoni… ee Mungu wangu! Kapita mwenye akili angefurahi, maana ufundi wa mtu wake ni heshima yake. Mimi niliona kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Kama mikono yangu si kitu tena, mimi ni nani?

Nikaanza vituko. Nilimsukuma atoke kwenye kigoda, nikamue mwenyewe, watu waone. Kila wiki nilimbadilishia ng'ombe ili wasizoeane. Wakamuaji wengine nikawahamisha pia, isijulikane kwamba namwandama yeye. Ng'ombe wakachanganyikiwa, wakabana maziwa.

Mzungu akaniita, akauliza kwa nini maziwa yanapungua. Mnajua nilijibu nini? Nilisema Kalisti anayaiba!

Alifukuzwa siku ileile, na watu wote wakaambiwa ni mwizi. Tulikutana mlangoni pa zizi. Hakupiga kelele.

"Shemeji, hii kazi njo weye ulinifundisha. Nilikuwa nawaza utafurahi."

Akashuka kwa miguu kupitia Ntoto, kutafuta kazi kwenye migodi ya Walikale.

Mnadhani maziwa yaliongezeka? Yalizidi kupungua! Bihogo akavimba kiwele, kwa sababu nilimpa mtu asiyejua kummaliza maziwa. Mzungu akanivua koti, akampa Papa Zakaria, mkamuaji wa kawaida kabisa, niliyezoea kumcheka. Yeye alifanya nini? Alimwuliza kila mtu: "Weye unasikilizana na ngombe gani?" Kisha akampa kila mtu ng'ombe wake. Basi! Baada ya miezi michache ndoo zilijaa.

Hapo aibu ikanishika. Nikafunga safari kwenda kumrudisha Kalisti. Nilipofika mgodini, wenzake walinipeleka mpaka kwenye kaburi.

"Papa, udongo ilimuangukia. Iko myezi mbili sasa."

Nilipiga magoti, nikaita jina lake… Nani angeniitikia?

Nilipoleta habari nyumbani, Feresita alilia siku tatu. Siku ya nne aliniuliza: "Nani alisema mudogo wangu iko mwizi?"

Ningeweza kumtaja mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Ni miye," nikasema.

Alifunga vitu vyake, akachukua watoto, akaenda kwa mama yake. Nimemfuata mara tano. Hatoki hata nje.

Ndugu zangu, mkiwa mafundi na mkaitwa kupewa ukapita, msikimbilie furaha. Jiulizeni kwanza: je, nitaweza kumtazama mtu akinishinda kazi yangu, na nikampongeza kwa moyo mweupe? Kama huwezi, nakusihi, kataa! Baki na ndoo yako. Kataa mapema, wakati ndugu zako bado wako hai.