Jina la Rame Mlimani

Rafiki yangu Pundia, mwalimu wa dini kanisani kwetu, alikosa, na mwenyewe hafichi. Alipopanda mlima Giluwe na shemeji yake Rame kuchuma kokwa za mkadi, alilitaja jina la mtu mlimani. Sisi kule juu hatuitani majina, wenye msitu wasiyasikie; tunasema "mwenzangu" tu, basi.

"Mimi nimebatizwa, shemeji," alijigamba njiani. "Nitaogopa miti?"

"Ubatizo ni wako. Jina ni langu," Rame akamjibu.

Mchana ukungu ukashuka, wakapotezana penye mahame ya mababu, pale msitu ulipomeza nyumba, ikabaki tu mimea ya majani mekundu waliyopanda uani. Pundia akaingiwa na hofu, akapaza sauti: "Rame! Rame!"

Rame akatokea nyuma yake, akamziba mdomo. Ndani ya ukungu mtu alikuwa akikata mti, ko, ko, mlio mzito wa shoka la jiwe, ambalo siku hizi halishikwi na mtu. Likanyamaza. Kisha sauti ya Pundia mwenyewe ikaita kutoka huko: "Rame!"

Wakashuka mbio, mikoba mitupu. Pundia akaungama, akaomba radhi, akasamehewa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, walikuwa wakila viazi uani kwa Rame. Pundia alikuwa na kiazi mdomoni, hajasema neno. Rame akaacha kula.

"Shemeji, tangu tuketi hapa nasikia sauti yako ikiniita kutoka kule nyuma ya shamba. Na kila mara unasikika karibu zaidi. Nakuomba, ukinihitaji usiniite tena. Njoo unishike mkono."