Ujumbe wa Baba Kamanthe

Miaka tisa nilifundisha darasa la pili hapa Ndithini mlango ukiwa umefungwa. Nilisema ni vumbi. Uongo mtupu! Niliogopa kuonekana. Mimi, Syokau, niliishi peke yangu katika nyumba ya shule, nikala peke yangu, nikafundisha peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Hapa umekosea."

Watoto wangu walisoma pamoja. Mimi nasoma mstari, wao wanarudia. Wapita njia walisimama kuwasikiliza, nami nikavimba kichwa. Aliyewashinda wote ni Kamanthe.

Mama yake Kamanthe alifariki. Kamanthe aliishi na nyanya yake, Munyiva, ambaye hakusoma. Baba yake, Mutunga, ni taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la simiti huko Mavoko. Simu ya Munyiva ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, na spika yake ilikufa, kwa hiyo Mutunga alituma ujumbe wa kuandika.

Jumatatu moja Munyiva aliniletea hiyo simu.

"Mwalimu, tusomee. Kamanthe ameshindwa."

Nikasoma: "Jumamosi lori letu linapita sokoni Ndithini. Mje saa nne tuonane."

Chini yake kulikuwa na mwingine: "Nimewangoja hadi saa saba. Hamkuja."

Munyiva aliketi chini pu!

"Miezi saba hatujamwona," alisema. "Na huyu Kamanthe si husoma kitabu chote? Kwani mnamfundisha nini?"

Nilimwandikia Mutunga kwamba ujumbe wake haukusomwa. Alijibu neno moja tu: "Sawa." Wiki zikapita, hakuandika tena. Ataandika ya nini, kama hakuna wa kusoma?

Mwezi huo alikuja Urbanus Kitonga, afisa anayezungukia shule za kata yetu kusaidia walimu. Nilipomwona getini, nilifunga mlango. Akabisha.

"Hodi, madamu. Sikuja kukukagua. Nimekuja tufundishe pamoja."

Aliketi nyuma. Watoto wakasoma, sauti tamu. Kisha akamwita Kamanthe. Akafunika picha ya kitabu kwa kiganja, akaonyesha neno moja katikati ya ukurasa. Kamanthe akaanza kuusema ukurasa kutoka juu, bila kuangalia kitabu.

"Hili tu," Urbanus alisema taratibu.

Kamanthe akalikodolea macho neno hilo, asiweze kulisoma. Machozi yakamlengalenga.

Tulipotoka nje, Urbanus aliniambia, "Wamekariri, madamu. Wanafuata mdomo wako."

"Sasa miaka tisa nimefanya nini?" Nililia mbele yake, sikujificha.

"Pole. Nani alikuja kukuona? Mwalimu Jeremiah, shule ya ng'ambo ya mto, anafanya hivyo hivyo. Mwingine ana njia yake. Mtoto akihama shule, anapotea."

Akanieleza. Kila siku tuanze na sauti za herufi. Tuziunge ziwe silabi, kisha neno, kisha sentensi. Halafu kila mtoto asome peke yake maneno ambayo sijamsomea. Akishindwa, nirudi naye hatua moja. Shule zote za kata zingefuata hatua hizo hizo.

Kesho yake alifundisha yeye, mimi nikatazama. Siku iliyofuata nilifundisha mimi, yeye akatazama. Baadaye Jeremiah naye alikuja kuketi darasani mwangu.

"Wewe, unafundisha mbio hivyo, kuna basi linakuacha?" alinitania.

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka shuleni. Haba na haba hujaza kibaba. Muhula uliofuata, watoto wakaanza kusoma, kila mmoja kwa mdomo wake.

Siku moja Kamanthe alichukua simu ya nyanya yake. Akafungua ujumbe wa zamani, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Akamwinulia nyanya yake macho.

"Susu, baba alitungoja."

Munyiva alijifuta machozi kwa leso. Kamanthe akaandika, polepole: "Baba sasa nasoma mimi. Andika."

Alhamisi Kamanthe na nyanya yake walikuja mbio shuleni, jibu limefika. Mlango wangu ulikuwa wazi, vumbi na liingie. Nikanyoosha mkono nipewe simu. Kamanthe akaificha mgongoni.

"Hapana, Mwalimu. Nasoma mwenyewe. 'Jumamosi saa nne. Sokoni.'"

Jumamosi, saa moja asubuhi, walikuwa wameshafika sokoni.