Mabati Matano ya Njiti

Habari hii ni ya kweli kuanzia herufi ya kwanza. Najua niliwahi kuwaambia watoto wa mtaa huu kwamba nilipokuwa tarishi niligawa barua nikiwa usingizini, baiskeli ikijua njia yenyewe. Hiyo tuiache. Hii ya Njiti naiapia.

Njiti alikuwa jirani yangu, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama jina alilobandikwa. Kila asubuhi kabla ya shule alitoa nje mabeseni matatu ya maji yaliyovuja kutoka juu, kisha akageuza godoro. Paa lao lilikuwa limeoza upande wa jikoni. Mama yake, dobi, alifua nguo za watu zikakauka, halafu zikalowa tena ndani ya nyumba. Mdogo wake tulimwita Bonge kwa kumtania, maana mbavu zake zilihesabika. Alikuwa na kifua kibovu, na daktari alishasema kwamba akiendelea kulala kwenye unyevu, yeye asilaumiwe.

Ndipo ofisi ya makazi ilipotangaza msaada wa kukarabati nyumba za familia zenye kipato cha chini. Ingetoa mabati, mbao na fundi, ila mkaguzi aje kwanza kuona uharibifu kwa macho yake. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo Njiti ndiye aliyejaza fomu. Kisha akaja kuniuliza kama upande mmoja mbovu ungetosha kumshawishi mkaguzi.

Mtu mwenye akili angemwambia unatosha. Mimi nikamsimulia habari za bwana mmoja aliyeezua paa lake zima asubuhi ya ukaguzi. Mkaguzi akalia mpaka fomu ikalowa, akampa bwana yule nyumba ya ghorofa. Bwana huyo hakuwahi kuzaliwa. Nilimtunga pale pale, huku nikikuna mgongo kwa rula.

"Kweli, babu?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Siku ya ukaguzi, mama yake alipotoka kupeleka nguo kwa wateja, Njiti alipanda juu na nyundo. Aling'oa mabati matano mazima, yale yaliyomkinga Bonge, akayakunja kwa mguu ili yaonekane yamepigwa na upepo. Nilimwona kutoka uani kwangu. Nikaingia ndani kucheka.

Mkaguzi, mama mfupi mwenye viatu vya mpira, hakulia. Aliokota bati moja, akapitisha kidole kwenye mkunjo.

"Kutu huchukua miaka," akasema. "Hapa panang'aa. Hii ni kazi ya leo. Nani kaifanya?"

Mama yake Njiti, ambaye ndiyo kwanza anaingia na kapu tupu, akaanza kusema labda ni upepo. Njiti akamkatiza: "Ni mimi."

Akaulizwa nani alimfundisha. Akanitazama, nimesimama kwenye uzio. Nikaangalia mawingu kama mtu aliyeagizwa kuyalinda. Njiti hakunitaja, na jina la familia yao likapigwa mstari mwekundu.

Mvua ikanyesha siku tisa. Watoto wenzake wakamwita Fundi Ezua, na muuza mkaa akamuuliza mama yake mbele ya watu kama wanapangisha bwawa. Siku ya tano Bonge alikimbizwa zahanati, midomo imegeuka kijivu. Kabla ya hapo nilikuwa nikisikia kikohozi chake ukutani. Nilichofanya ni kuhamishia kitanda changu upande wa pili.

Mvua ilipokatika, Njiti alikwenda ofisini kwa miguu na barua. Aliandika kwamba kosa ni lake, mama yake asiadhibiwe. Kesho yake mkaguzi akaja naye, moja kwa moja mlangoni kwangu, akaniuliza kuhusu bwana aliyeezua paa. Nikasema simjui, na siku ile nilikuwa na homa kali.

"Mzee wangu," akasema, "nyumba tatu za mtaa huu zimeniuliza kuhusu bwana huyo. Zote zimemsikia kwako. Moja walishaegemeza ngazi."

Nikajishika paji la uso kuitafuta ile homa.

Akaeleza kwamba upande wa jikoni uliharibika kweli, hivyo ombi lingeweza kufunguliwa upya. Lakini mabati yaliyong'olewa kwa makusudi yarudishwe kwanza, na ofisi haiyalipii. Mama Njiti hakuwa na uwezo wa kununua hata moja. Mkaguzi akainua macho, akakitazama kibaraza changu nilichokiezeka mabati kwa kiinua mgongo.

Kisha akamgeukia Njiti. "Shida yako ilitosha, mwanangu. Ulipoiongezea uongo, nikashindwa kuiamini hata ile ya kweli." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mtoto mwenye shida hasikilizi hadithi. Anatafuta njia. Ukimwonyesha ya uongo, ataifuata."

Baadaye fundi wa ofisi alikuja akaezeka jikoni, na Bonge akarudi kulala pakavu. Lakini siku ile ile ya mkaguzi nilipanda juu ya paa la kibaraza mwenyewe, magoti yakilia, nikawa namshushia Njiti bati moja moja. Nikajipangusa mikono, nikamwambia basi, matano hayo.

"Ni manne, babu," akasema.

Nikang'oa la tano, lililokuwa juu ya kiti changu.