Kidole Hakijasoma

Ijumaa, saa tano asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la barafu, Bagamoyo. Wanaume watatu, mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo uko mfukoni mwa Sadallah. Ndivyo anavyopenda kupanga kazi zake.

"Studio ya Mize," alisema. "Yule anayerekodi singo za mabiharusi na sherehe za akina mama. Wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, vichwa wazi, viuno vinakatwa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuziona picha hizo. Wiki iliyopita kamrekodi Jasmin, binti wa yule tajiri wa mbao. Tukiipata diski, baba analipa, au mji mzima unatazama."

"Mize akienda polisi?" aliuliza Khamis, dereva.

"Haendi. Sheria ya taarifa binafsi inamtaka ajisajili kabla hajatunza picha za watu. Hajajisajili. Akifungua mdomo anajichongea."

Sadallah alizijua sheria kuliko baadhi ya mawakili. Alizisoma usiku na mchana, si kwa kuziheshimu, bali kutafuta pa kupenyea.

Wa tatu alikuwa Mikdad, fundi simu. Kazi zake zilikuwa mbili: kuifungua diski na kutafuta laini za simu zenye majina ya watu wengine. Laini zilikuwa tayari. Yeye na Khamis walizunguka vijijini na mwavuli na mashine ya usajili. Kila mama aliyeweka kidole aliambiwa, "Kidole hakijasoma, mama. Weka tena." Cha kwanza kilisajili laini yake. Cha pili kilisajili laini ya Sadallah. Wale akina mama waliaga kwa dua, na Mikdad aliitikia amina bila haya.

Saa saba kasoro robo.

Khutba imeanza. Maduka yamefungwa, mitaa mitupu. Sadallah na Mikdad walipita wamevaa kanzu, wakiharakisha kama watu waliochelewa msikitini. Mkasi wa chuma ulikuwa ndani ya mswala. Kufuli likakatika.

Mlangoni Mize alikuwa amebandika karatasi: WANAUME MWISHO HAPA. Ndani kulinukia udi. Diski zilipangwa kwenye rafu, kila moja na jina la biharusi. Mikdad alichukua ya Jasmin. Kwa mara ya kwanza kazi hii ilimtia kinyaa.

"Twende," alinong'ona Sadallah.

Saa nane, barabara ya Msata.

Khamis aliendesha. Sadallah alikaa mbele. Mikdad alikuwa nyuma na kompyuta mapajani, milango imefungwa kwa kitufe cha dereva. Sadallah alimrushia simu ndogo yenye mojawapo ya zile laini.

"Mtumie baba mtu. Picha moja, maneno machache."

Mikdad aliifungua diski, akatoa picha, akatuma.

"Sasa mwambie alipe kwenye namba hiyohiyo."

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Hajawahi kumpa mtu namba ya malipo bila kuhakiki jina. Alitoa simu yake mwenyewe, akaandika ile namba kana kwamba anatuma mia tano, akasubiri jina la mwenye laini litokee.

HABIBA MBARUKU.

Alisoma mara mbili.

"Hii laini ni ya mama yangu."

Khamis alitazama barabara.

"Khamis. Ulikwenda Mkange kwa mama?"

"Nilimpa shikamoo yake," alisema Khamis taratibu. "Akanipa na uji."

"Mimi nilimtuma," alisema Sadallah bila kugeuka. "Sheria haianzi na mwizi, inaanza na mwenye laini. Wewe una roho nyepesi, Mikdad. Nimekutafutia sababu ya kutulia. Andika namba."

Mkuki kwa nguruwe. Mama za watu aliwaona mafala; wa kwake alimwona sasa, amekaa kizingitini, anapuliza kidole ili kisome vizuri. Alimwonea huruma. Kuivunja laini hakutasaidia, vitisho vimeshafika. Kukimbia hakutasaidia, jina litabaki. Lazima laini ikutwe mkononi mwake yeye.

"Naandika," alisema.

Karibu na Msata askari wa barabarani alinyoosha mkono. Khamis alipunguza mwendo, akateremsha kioo. Mikdad aliisubiri nafasi hiyo. Aliweka diski na simu ndani ya kanzu, akajirusha juu ya bega la Khamis, akatoka dirishani kichwa kwanza. Kisu cha Sadallah kilimpata pajani. Gari likaondoka kwa kasi kuelekea Chalinze, na yeye akabaki kwenye lami, damu inatiririka, simu ameikumbatia.

"Nikamateni," alimwambia askari. "Laini hii naitumia mimi."

Magharibi, kituoni.

Paja lilikuwa limefungwa bendeji. Mikdad alieleza yote, tangu mwavuli mpaka diski. Askari aliandika bila kumkatiza. Kisha akamwambia kwamba Mize alifika polisi kabla watu hawajatoka msikitini. Alisema atozwe faini yeye kuliko wanawake wa watu kuaibishwa. Baba yake Jasmin naye alileta namba iliyomtisha, na mwenye laini ameshapatikana Mkange.

"Mwachieni," alisema Mikdad. "Hajui lolote. Nimeshawaambia ni mimi."

"Tungemwachia. Lakini alipoambiwa ni kesi ya simu, aliuliza kitu kimoja tu: mwanangu mnaye? Wenzangu wa huko wakamwambia hapana, maana habari zako zilikuwa hazijawafikia. Hapo hapo akakiri."

"Amekiri nini?"

"Kila kitu. Kuiba, kutuma picha, kutisha watu. Anasema mwanawe yuko safarini, asisumbuliwe."

"Anadanganya, afande. Mama yangu hajui hata kuandika ujumbe."

"Najua," alisema askari. "Lakini laini ni yake na maelezo ameshatoa. Mtalala ndani wote wawili."